Nilivyomwachisha Mwanangu Ziwa

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha Sayansi darasa la sita katika shule moja ya msingi kata ya Murungu, wilayani Kibondo, na mgongoni nilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitano. Baba yake alibaki Korogwe na ahadi zake. Tulishaachana kabla mtoto hajazaliwa, wala simsemi zaidi, maana hana kazi katika habari hii.

Nyumba niliyopewa ilikuwa ya vyumba viwili, kando ya shamba la mihogo la jirani yangu. Jirani huyo alikuwa mama wa Kiha, mtu mzima, amezaa saba na kulea wengine ambao hakuwazaa. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita mwalimu, naye mwanangu akamwita umwana, yaani mtoto kwa Kiha chao, kana kwamba hapakuwa na mtoto mwingine kijijini. Ndiye aliyemwogesha wiki za kwanza, kwa sababu niliogopa kumshika mgongo ulipokuwa na povu. Nilimpenda, lakini nilimpenda kwa kiburi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma, na kila alichoniambia nilikipitisha kwanza kwenye mzani wa usomi wangu kabla ya kukipokea.

Mwaka ule mihogo ilikuwa na ugonjwa. Kwa nje mti unapendeza, ukichimba muhogo na kuukata unakuta michirizi ya kahawia kama kutu. Ndiyo iliyomleta bwana shamba. Alikuwa mtu wa Singida, mpole, ana pikipiki ya serikali iliyokuwa inazimika kila ikinyeshewa. Alikuwa anaukata muhogo mbele ya mwenye shamba, anamwonyesha, halafu anasubiri mwenyewe aseme anachokiona. Hakumwambia mtu kwamba shamba lake limekufa. Alisubiri. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikiuliza swali najijibu mwenyewe kwa kukosa subira, nilianza kupita kwenye yale mashamba bila sababu.

Jumapili moja mvua ilimkuta kwangu. Mtoto alikuwa amelala. Tulikula maharage, tukaongea, tukanyamaza, halafu tukabusiana. Tulibusiana sana. Mikono ikaenda ilikokwenda. Nguo nyingine zilitoka, nyingine hazikutoka. Ilipofika mahali nilipoogopa mimba nyingine nilimzuia, naye akazuilika hapo hapo, bila kununa wala kubembeleza, na moyoni nikampa alama nzuri. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu kuyaficha ndiko kulikonifikisha pabaya.

Akafunga vifungo vya shati, akakaa kwenye kiti badala ya kitandani, akasema:

"Kabla hatujafika mbali zaidi, dada, nina jambo la kukuambia. Mimi ninaishi na virusi. Mwaka wa nne huu ninameza dawa, na siruki siku."

Nilivuta kanga nikajifunika.

"Tulichofanya leo hakikuambukizi," akaendelea. "Mate hayaambukizi. Mkono hauambukizi. Ningekuwa na nia mbaya nisingekuambia. Kama huniamini mimi, na una haki, nenda kawaulize wataalamu."

Nilimwita muuaji. Nilimwambia anajua nina mtoto mchanga, amekuja kuniua mimi na mwanangu. Nilimtupia koti lake mlangoni. Pikipiki ilikataa kuwaka, kama kawaida yake, akaisukuma kwenye matope hadi barabarani huku nimesimama mlangoni nikimwangalia. Sikuona huruma hata chembe. Nilichokuwa nawaza ni mdomo wangu.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi. Wiki ile ile nilikuwa nasahihisha jaribio la darasa la sita. Swali la nane: taja mambo manne yasiyoambukiza virusi vya UKIMWI. Majibu niliyatunga mwenyewe: kupeana mikono, kukumbatiana, kubusiana, kula pamoja. Mtoto aliyeandika kwamba mate yanaambukiza nilimchapa kosa jekundu, pana. Nikamaliza madaftari, nikarudi nyumbani, nikachemsha kikombe na kijiko changu nisije nikamwambukiza mwanangu.

Kichwani nilikuwa nabishana na kitabu. Kitabu kilisema kubusiana, hakikusema kubusiana nusu saa. Kilisema kugusana, hakikusema kugusana wapi. Kulikuwa na picha ya watu wawili wanapeana mikono, na ukurasa wa pili onyo kuhusu ngono, na kati ya kurasa hizo mbili hapakuwa na neno. Mimi nilikuwa nimeanguka hapo katikati. Sikuwa nimepeana mkono na mtu, wala sikuwa nimelala naye, na katika miaka yangu yote ya kusoma na kufundisha hakuna aliyewahi kunitajia kwamba hapo katikati pana nini. Kwa hiyo nilipajaza mwenyewe. Nikakumbuka nilijikata kidole nikimenya mihogo siku tatu kabla. Jeraha lilishakauka, lakini mimi nililiona bichi. Nikakumbuka alikuwa na midomo mikavu. Mikavu si ndiyo inayopasuka? Kila siku nilikuwa napata ushahidi mpya.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto. Lakini muuguzi wa zahanati yetu alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Ukiingia chumba chake na kufunga mlango, wote waliokaa kwenye benchi wanaangalia saa. Nikaamua nitasubiri miezi mitatu, ambayo ndiyo niliyokuwa nimesikia watu wanasubiri, kisha nipande basi niende Kasulu nikapimwe mahali ambapo hakuna anayenijua. Mpango wangu ulikuwa mzuri, ila mtoto alikuwa ananyonya kila baada ya saa mbili.

Pale zahanati, siku za kupima uzito wa watoto, tulikuwa tunakaa mbele ya picha kubwa ya mama na mtoto. Maandishi yake nilikuwa nayajua kwa moyo: mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua, na wakati wa kunyonyesha. Chini yake palikuwa na maelezo mengine kwa herufi ndogo. Sikuwahi kuyasoma. La mate nililibishia, la mkono nililibishia, lakini hili la maziwa nililiamini bila swali, kwa sababu lilikuwa la kutisha, na siku zile kila la kutisha niliona ndilo la kweli.

Nilimwuliza jirani, kwa kuzungukazunguka, wao huku wanamwachishaje mtoto ziwa.

Akaacha kutwanga. "Mwalimu, una mimba?"

"Sina, mama."

"Umwana ana miezi mitano."

"Daktari kaniambia. Nina kifua."

Alinitazama tumbo, halafu uso, halafu tumbo. "Mimi dawa ya kumwachisha wa miezi mitano sina," akasema, akarudi kwenye kinu chake.

Dawa niliipata mwenyewe. Shubiri ilikuwa imeota nyuma ya ofisi ya shule, mwalimu mkuu aliipanda kwa ajili ya kuku wake. Jumatano asubuhi nilijipaka utomvu wake kwenye chuchu. Mwanangu alikuja kwa furaha yake ya kila siku, kinywa wazi, akavuta mara moja. Uso wake ulivyokunjamana sitausahau. Alilia, akajaribu tena, akalia zaidi, akajaribu upande wa pili. Siku ya tatu akaacha kutafuta. Maziwa yalinijaa hadi nikashikwa na homa, nikawa nayakamua chooni, nasikia yakidondoka, na huku nje mtoto analia kwa njaa. Nilikuwa naumwa, nina hasira, na nilijiona shujaa. Nilidhani namwokoa.

Nilimpa maziwa ya ng'ombe niliyoyaongeza maji, na uji. Maji tuliyachota kisimani, nami nilikuwa nayachemsha nikikumbuka, na nilikuwa sikumbuki kila mara, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye vikombe. Wiki ya pili akaanza kuharisha. Akapata nafuu, akaharisha tena. Mashavu yaliondoka kwanza, halafu mapaja. Nilipombeba mgongoni nilihisi magoti yake.

Ndipo likaja neno. Lilinifikia kwa mwalimu wa zamu, kwa utani, tukiwa tunakunywa chai: "Mwalimu, huko mtaani wanasema umembemenda mtoto."

Kubemenda ni imani ya zamani, na si ya Waha peke yao. Mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, hasa asiye baba wa mtoto, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, anaharisha. Mwaka uliotangulia niliwacheka walimu wenzangu wawili ofisini kwa imani hiyo hiyo. Nilisimama nikawahutubia. Nikawaambia wanaoamini kubemenda wasifundishe Sayansi, na kama wana ushahidi waulete. Sasa ushahidi ulikuwa umefungwa mgongoni mwangu kwa kanga. Pikipiki ya bwana shamba watu waliiona. Waliiona pia inasukumwa kwenye mvua. Hesabu walishaijumlisha.

Ningewajibu nini? Niseme sikulala naye? Wangeuliza sasa mlifanya nini, na kwa nini umemwachisha mtoto. Nilikaa kimya, na kimya kikawa kukiri. Na nikiwa pale na kikombe changu cha chai mkononi niliona jambo lililonichoma kuliko kejeli yao. Wao walisema mwanamume amemharibu mtoto kupitia mwili wangu. Na mimi ndicho nilichokuwa ninakiamini, neno kwa neno, ila mimi nilikuwa nimekivika maneno ya kitabu. Niliona hivyo, na bado sikumrudisha mtoto kwenye ziwa.

Wiki ya sita, asubuhi moja, nilikuta macho yake yameingia ndani na analia bila machozi. Nilivuta ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Hilo nalo nilikuwa nalifundisha, dalili za kupungukiwa maji mwilini. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimemshika, nikashindwa hata kutafuta viatu. Jirani aliingia bila kubisha hodi. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwake, akatoka barabarani kusimamisha bodaboda mbili. Njia nzima hadi hospitali ya Kibondo pikipiki yake ilikuwa mbele, nami nyuma nikikiangalia kile kichwa kidogo kinavyoyumba. Nilimwomba Mungu kwa jina la kila mtu ninayemjua.

Walimtundikia maji. Mwanangu alipona, nitangulie kulisema hilo, lakini siku ile hakuna aliyeniahidi. Muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anaandika huku ananiuliza. Anakula nini? Alianza kuharisha lini? Ananyonya?

"Hanyonyi."

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita hii."

Kalamu ikasimama. "Kwa nini?"

Nilianza kusema kifua, nikashindwa. Nililia mbele ya akina mama wote wa wodi. Aliniinua kwa mkono, akanipeleka kwenye chumba cha kuhifadhia mashuka, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Haya, nieleze. Na usinifiche. Mimi nimezalisha mkoa huu mzima, hunitii aibu."

Nilimweleza. Alinihoji kama fundi anayekagua paa, bati moja baada ya jingine, bila kushtuka. Mlibusiana? Uliona damu? Kuna aliyekuwa na kidonda kinachotoka damu mdomoni? Alikugusa wapi? Kwa mkono? Wewe ulimgusa wapi? Uume uliingia? Uligusa ukeni hata kwa nje? Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuyatamka maneno hayo mbele yangu kwa sauti ya kawaida. Yalipotamkwa hivyo, yakawa madogo.

Nilimwonyesha kidole. Kovu lenyewe lilishafutika, nikawa natafuta lilikuwa wapi.

"Mwalimu," akasema, "ngozi iliyofunga ni ukuta. Kidonda kilichokauka hakipokei kitu. Mate hayabebi virusi vya kumwambukiza mtu, mngebusiana hadi kesho. Kushikana kwa mikono vile mlivyoshikana, hapana. Hivi virusi vinataka njia: damu kuingia kwenye damu, au kulala pamoja bila kinga, au mama kwa mtoto. Wewe hukumpa njia. Na huyo bwana anameza dawa zake kila siku, basi hata virusi vyenyewe huko mwilini vimelala. Kwa haya uliyonieleza hata kipimo hukihitaji. Ila tupime, roho yako itulie."

Alinitoboa kidole. Tulikaa tukisubiri, yeye anakunja mashuka, mimi nimeshika magoti. Ulitoka mstari mmoja. Akanionyesha, akasema nirudi baada ya miezi mitatu kutimia kwa sababu taratibu ndivyo zinavyotaka, si kwa sababu ana wasiwasi.

Nilitaka kufurahi, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Sasa nisikilize vizuri. Hata ungekuwa nayo, tusingekuambia umwachishe. Tungekupa dawa, tungekuambia mnyonyeshe. Huku kwetu mtoto wa miezi mitano ukimtoa kwenye ziwa ukampa maji ya kisima na uji, unamtoa mahali salama unampeleka kwenye hatari. Imeandikwa kwenye picha pale zahanati kwenu. Hukuona?"

Nilisema sikuona. Ukweli ni kwamba niliona herufi ndogo nikaziacha. Mimi, niliyekuwa nawapunguzia watoto alama kwa kutosoma swali hadi mwisho.

Aliniambia nijaribu kumrudisha, wapo wanaorudi, nimweke kifuani ngozi kwa ngozi, nivumilie. Mchana ule mtoto alipopata nguvu kidogo nilimweka. Alinusa. Akanitazama usoni, mimi mama yake, kwa muda mrefu, halafu akageuza kichwa na kuanza kulia. Nilijaribu jioni, na kesho yake, na wiki nzima. Hakurudi.

Nilimtumia bwana shamba ujumbe wa simu. Wakati huo alishahamishiwa Kasulu, kwa maombi yake mwenyewe nilivyosikia, na sihitaji kuambiwa kwa nini aliomba. Niliandika kwamba nimepimwa, sina, na aliniambia kweli, anisamehe. Alijibu baada ya siku mbili: "Nashukuru Mungu kwa ajili yako. Msalimie mtoto." Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mtoto. Niliweka simu chini, nikamfunika shuka.

Jirani yangu hakuondoka hospitalini. Shamba lake lilikuwa linangoja, watoto wake walikuwa wanajipikia, yeye amekaa wodini na mwanangu mapajani, anamnywesha maziwa ya hospitali kwa kikombe, tone kwa tone. Hakuniuliza kitu. Siku ya nne asubuhi sikuweza tena kumwona anavyonitendea wema bila kujua. Nilimweleza yote, tangu Jumapili ya mvua hadi ule mstari mmoja. Nilieleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, asipitwe na neno.

Nilipomaliza, alimpakata mtoto vizuri. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hukulala naye."

"Sikulala naye, mama."

"Na ugonjwa, huna."

"Sina."

"Na hata ungekuwa nao, umwana angenyonya tu."

"Ndivyo wanavyosema."

Alimfuta mtoto kidevu kwa pembe ya kitenge. Sauti yake haikupanda.

"Mwalimu, mimi nimegombana na wanawake wote wa kisimani kwa ajili yako. Walikuwa wanakusema, mimi nawaambia, mwacheni, mtoto wa watu huyo, mama yake yuko mbali, mwili umemshinda, ni ujana. Hata sisi tulikuwa vijana. Nilishakusamehe kabla hujaniomba. Ungelala naye, ningekuelewa." Akanyanyua kikombe, akampa mtoto tone jingine, akangoja alimeze. "Kumnyima ziwa kwa ajili ya busu, sikuelewi."

Aliendelea kumnywesha hadi kikombe kikaisha. Nilinyoosha mikono nimpokee, akasema bado, mwache kwanza alale.